Uchumi wa Nyumba: Pointi za Ndege, Vocha ya Mwenzi, na Safari ya Miji Miwili



Safari ni jambo lisilokatika katika maisha ya Waislamu. Wako wasafirio kutafuta elimu, wako wasafirio kutafuta riziki, wako waendao kuzuru wazee na jamaa, na wako waendao Umra na Hija. Chombo cha mababu zetu kilikuwa jahazi, kisha ikaja meli, na leo ni ndege. Na katika ndege kumezuka jambo ambalo wasomaji wetu wengi, khasa wale wakaao Uingereza, hutuuliza juu yake: pointi zitolewazo na mashirika ya ndege, vocha ya kumchukua mwenzi, na jinsi ya kuvitumia viwili hivyo kwa tiketi ya kushukia mji mmoja na kurejea kutoka mji mwingine. Mwezi huu twapenda kulieleza jambo hili kwa utaratibu, maana linagusa fedha za nyumba, na fedha za nyumba ni amana mikononi mwa mwenye nyumba.

Neno letu kubwa twalitanguliza hapa mwanzo ili msomaji alishike: safari itangulie, pointi zifuate. Aamuaye kwanza anakokwenda na kwa ajili gani, kisha akatazama kama pointi zitamsaidia, huyo hufaidika. Ama yule aachaye pointi zimchagulie safari, mara nyingi hulipa zaidi kuliko asiye na pointi hata moja.

Pointi ni kitu gani

Tarehe 1 Mei 1981 shirika la American Airlines la Marekani lilianzisha mpango uitwao AAdvantage. Abiria aliandikiwa maili alizoruka, na zilipofika kiasi kilichowekwa alipewa tiketi. Shirika la United likafuata mwezi ule ule. Nchini Uingereza mpango wa Air Miles ulianza mwaka 1988, na Novemba 2011 British Airways ikaanza kutumia pointi ziitwazo Avios. Leo pointi za jina hilo hilo hutumika pia na Iberia, Aer Lingus, Qatar Airways na Finnair.

Hapo awali pointi zilipatikana kwa kuruka tu. Siku hizi hupatikana dukani, katika kituo cha mafuta, na zaidi ya kote katika kadi ya mkopo. Hapa ndipo yatupasa kutulia na kufahamu. Shirika la ndege huziuza pointi zake kwa benki na kwa maduka, nao huzigawa kwa wateja wao. Julai 2020, ndege zilipokuwa zimelala viwanjani kwa sababu ya maradhi ya korona, kampuni ya American Express ililipa kiasi cha pauni milioni 750 kwa kundi la IAG, ambalo ndilo lenye British Airways, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ni kununua Avios kabla ya wakati. Mwaka huo huo United ilipata dola bilioni 6.8 kwa kuweka rehani mpango wake wa pointi, na Delta ikapata bilioni 9. American Airlines ikafanya vivyo hivyo Machi 2021 kwa dola bilioni 10.

Basi kitu ambacho wenye fedha wa dunia hukipokea kuwa rehani ya mabilioni hakiwezi kuwa zawadi ya bure. Ni bidhaa, na bidhaa ina mlipaji. Sehemu hulipwa na mwenye duka, ambaye hukatwa kiasi kila kadi inapotumika, naye huitia gharama hiyo katika bei ya mchele na sabuni. Sehemu hulipwa na mwenye kadi kwa ada ya kila mwaka. Na sehemu hulipwa na wale washindwao kumaliza deni kwa wakati, wakatozwa riba.

Thamani ya pointi moja

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na pointi ni mali, kwa hiyo ni lazima zijulikane bei yake.

Iko njia nyepesi ya kuijua. Tangu Januari 2021 mtu anunuaye katika maduka ya Sainsbury's ya Uingereza ameweza kubadilisha pointi za dukani ziitwazo Nectar ziwe Avios. Kwa kipimo kilichowekwa wakati huo, pointi 400 za Nectar hupata Avios 250. Na pointi 400 za Nectar, zikiachwa dukani, hununua vitu vya pauni 2. Maana yake ni kuwa mwenye kuchukua Avios 250 ameacha mkate na maziwa ya pauni 2. Tukizidisha, Avios 50,000 ni chakula cha pauni 400. Tena mwenye kuziona hivi hatasema tena, "Nimesafiri bure." Atasema, "Nimelipa pauni 400 za chakula, na juu yake nimelipa ushuru na ada." Kisha atatazama kama tiketi ya fedha taslimu ilikuwa ghali kuliko jumla hiyo. Ikiwa tiketi ya fedha ni rahisi zaidi, basi na ainunue, na pointi zikae.

Vocha ya mwenzi

Vocha hii yapatikana kwa mashirika kadhaa, kila moja na masharti yake. Sisi tutachukua ile ijulikanayo zaidi kwa wasomaji wetu wa Uingereza, yaani vocha ya British Airways itolewayo kwa wenye kadi ya American Express.

Kazi yake ni hii. Mwenye vocha akikata tiketi kwa Avios, mtu wa pili husafiri naye katika ndege zile zile na daraja lile lile bila kutakiwa pointi zake. Asafiriye peke yake huweza kuitumia kwa kupunguziwa nusu ya pointi. Kwa kadi yenye ada, vocha hudumu miaka miwili. Ada ya kadi hiyo imefikia pauni 300 kwa mwaka, na ili vocha itoke ni lazima kutumia pauni 15,000 ndani ya mwaka mmoja. Viwango hivi vimepata kupandishwa, na huenda vikapandishwa tena, basi msomaji na asome masharti ya siku anayoamua.

Hebu tufanye hesabu. Kadi hiyo hutoa Avios 1.5 kwa kila pauni, kwa hiyo pauni 15,000 huleta Avios 22,500. Kwa bei ile ya mkate na maziwa, hizo ni pauni 180. Ada ni pauni 300. Waona kuwa pointi peke yake hazirudishi ada, bali ni vocha ndiyo inayotakiwa kuziba pengo. Sasa tuchukue mfano wa safari itakayo Avios 50,000 kwa kila mtu, kwenda na kurudi. Vocha imeokoa Avios 50,000, nazo ni pauni 400. Jumlisha 180, pata 580, toa ada ya 300, faida ni pauni 280. Faida hiyo ipo, hatuikatai. Walakini yategemea mambo matatu yakutane: safari ifanyike kweli kabla ya vocha kufa, zile pauni 15,000 ziwe ni matumizi ambayo yangefanyika hata bila ya kadi, na pasiwe na senti moja ya riba. Likikosekana moja tu katika hayo, faida hugeuka hasara.

Jambo la pili ambalo wengi hulisahau ni kuwa vocha haifuti ushuru wala ada. Mwenzi wako hulipiwa zake kama wewe ulivyolipa zako. Serikali ya Uingereza hutoza ushuru wa abiria kwa kila aondokaye katika viwanja vyake. Katika mwaka ulioanza Aprili 2025, kwa masafa ambayo Nairobi na Jeddah zimo ndani yake, ushuru huo ulikuwa pauni 90 kwa daraja la chini na pauni 216 kwa madaraja ya juu. Watoto wasiotimiza miaka 16 hawatozwi kitu wakikaa daraja la chini, lakini wakipandishwa daraja la juu hutozwa sawa na wakubwa. Kwa hiyo baba, mama na watoto wawili katika daraja la chini walilipa pauni 180, na familia hiyo hiyo katika daraja la juu ililipa pauni 864. Hizo ni fedha taslimu, wala si pointi. Na mwenye nyumba na ajiulize kama saa nane za kiti kipana zina thamani hiyo, au kama kuna bibi mahali fulani ambaye fedha hizo zingemtibu macho.

Safari ya miji miwili

Tiketi tuliyoizoea ni ya kwenda mahali na kurudi kutoka pale pale. Lakini iko tiketi ya namna nyingine, ambayo abiria hushukia mji mmoja, akasafiri mwenyewe kwa gari, treni au meli mpaka mji wa pili, na huko ndiko apandiako ndege ya kurudi. Waingereza wameipa jina la taya la mnyama aliyefungua kinywa, kwa kuwa ukiichora katika ramani mistari miwili haikutani. Sisi tutaiita tiketi ya miji miwili.

Faida yake ni dhahiri kwa mtu ambaye jamaa zake wametawanyika. Haimlazimu kurudi nyuma njia aliyokwisha kuipita. Huokoa siku, huokoa nauli ya ndani, na huokoa nguvu za watoto na wazee.

Wako watu wadhanio kuwa waweza kununua tiketi ya kawaida ya kwenda na kurudi, kisha wakatumia kipande wakipendacho. Hili lina hatari. Desturi ya mashirika ni kuwa abiria asipotokea katika ndege ya kwanza, vipande vyote vinavyofuata hufutwa. Kwa hiyo atakaye miji miwili na akate tiketi ya miji miwili tangu mwanzo.

Kwa pointi peke yake, jambo hili ni jepesi. Katika mipango mingi, Avios ikiwa mojawapo, safari ya upande mmoja hutaka nusu ya pointi za kwenda na kurudi. Basi waweza kukata tiketi mbili za upande mmoja, moja ya kufikia mji huu na nyingine ya kuondokea mji ule, bila kulipa pointi za zaidi. Kwa fedha taslimu sivyo, maana mara nyingi tiketi ya upande mmoja ya safari ndefu hukaribia bei ya kwenda na kurudi.

Lakini ukiingiza vocha, mambo hubadilika, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Vocha moja hutumika kwa shughuli moja ya kukata tiketi. Ukikata kipande cha kwenda peke yake na ukaishia hapo, vocha yako yote imekwenda kwa nusu ya safari. Ni lazima kwenda na kurudi viwe katika tiketi moja. Viti vya pointi vya British Airways hufunguliwa siku 355 kabla ya ndege kuruka, na kwa kuwa siku ya kurudi huja baadaye, kiti cha kurudi hufunguliwa baadaye pia. Kwa hiyo wenye kuijua njia hukata kipande cha kwenda, kisha tarehe ya kurudi inapofunguka hupiga simu shirikani wakaomba kipande cha kurudi kiongezwe katika tiketi ile ile kwa vocha ile ile. Kadhalika kuna sharti la masafa: ule mwanya ambao hutauruka usiwe mrefu kuliko safari za ndege zenyewe. Kutoka London mpaka Nairobi ni kama kilomita 6,800, na kutoka Nairobi mpaka Johannesburg ni kama kilomita 2,900. Mwenye kushukia Nairobi na kurudi kutoka Johannesburg basi hajavunja sharti hilo.

Na sharti kubwa kuliko yote ni hili: vocha hiyo hutumika katika ndege za British Airways, Iberia na Aer Lingus tu. Haitumiki kwa Qatar Airways, ijapokuwa pointi ni za jina moja.

Mfano wa Umra

Tuchukue mu'tamiri aondokaye Uingereza. Afadhali ya njia zote kwake ni kushukia Jeddah na kurudi kutoka Madina, au kinyume chake. Tangu mwaka 2018 kuna treni ya Haramain iunganishayo Makka, Jeddah na Madina, njia ya kilomita zipatazo 450, yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Aliyeanza Makka na kumalizia Madina hana haja ya kurudi tena Jeddah kutafuta ndege. Na aliyeshukia Madina kwanza huhirimia Dhul-Hulayfa, iliyo karibu na mji, kwa utulivu wa ardhini, akaenda Makka, kisha akaondokea Jeddah. Ama yule ashukiaye Jeddah na kuelekea Makka moja kwa moja ni lazima ahirimie ndani ya ndege kabla ya kupita miqati. Kwa mwenye watoto wadogo au mzee wa kushikwa mkono, tofauti hii si ndogo.

Je, vocha yafaa hapa? British Airways ilirudi Jeddah Novemba 2024, lakini safari ya kuondokea Madina haimo katika ndege zake. Mwenye vocha basi atavutwa arejee Jeddah, apoteze siku na nauli, ili tu vocha isilale. Mwenye pointi bila vocha, au mwenye fedha taslimu, atatazama mashirika yaendayo miji yote miwili, kama Saudia na Qatar Airways, na atapata safari iliyo sawa na ibada yake.

Mfano wa pwani yetu

Tuchukue tena familia ya Leicester au London ambayo bibi yuko Mombasa na mjomba yuko Unguja. British Airways iliacha kwenda Dar es Salaam mwaka 2013 na Entebbe mwaka 2015. Katika Afrika ya Mashariki imebaki na Nairobi. Vocha basi itawafikisha Nairobi na kuwarudisha kutoka Nairobi. Kwa Mombasa si vibaya, kwa kuwa treni ya reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, yafika huko kwa njia ya kilomita kama 470. Lakini kwa Unguja itawabidi wavuke na kurudi, au wamwache mjomba bila kumwona.

Shirika la Ethiopian Airlines, ambalo limo katika umoja wa Star Alliance tangu Desemba 2011, hufika Mombasa na Unguja zote mbili kwa kupitia Addis Ababa. Pointi za mashirika ya umoja huo zaweza kukatia tiketi ya kushukia Mombasa na kuondokea Unguja. Baina ya miji hiyo kuna basi la kupitia mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro mpaka Tanga na Dar es Salaam, kisha boti. Watoto wataona pwani ya babu zao kwa macho yao, wala si kwa dirisha la ndege.

Lakini safari ya miji miwili katika nchi mbili ina gharama zake. Kenya hutaka kibali cha mtandaoni kiombwe kabla ya safari, tangu Januari 2024. Tanzania ina visa yake. Zanzibar, tangu 1 Oktoba 2024, hutoza mgeni bima ya dola 44. Na Tanzania hutaka cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri atokaye nchi yenye maradhi hayo, nayo Kenya imo katika orodha. Familia iliyokata tiketi nzuri kwa pointi za miaka mitatu yaweza kuzuiwa Horohoro kwa kukosa karatasi ya manjano. Basi tiketi isihesabiwe peke yake, na mwanya wa njia uhesabiwe pia.

Riba na amana

Ukurasa huu si wa fatwa, wala hatujifanyi mamufti. Lakini hatuwezi kuzungumza na Waislamu juu ya kadi ya mkopo tukanyamaza juu ya riba. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika mkutano wake wa 12 uliofanywa Riyadh mwaka 2000, liliamua kuwa kadi isiyo na fedha nyuma yake, ikiwa imewekewa sharti la riba, haifai kutolewa wala kutumiwa, hata kama mtumiaji amekusudia kulipa kabla ya riba kuingia. Wako wanavyuoni wengine walioona ruhusa kwa mwenye haja, kwa sharti la kulipa deni lote kila mwezi. Msomaji na amwulize mwanachuoni amwaminiye, wala asifanye pointi kuwa ndizo mufti wake.

Hata akiliweka kando suala la hukumu, hesabu yenyewe yatosha kumwonya. Deni la pauni 2,000 likikaa mwaka mmoja kwa riba ya asilimia 25 huzaa pauni 500. Ile faida ya pauni 280 tuliyoihesabu kwa taabu imekwisha, na juu yake pana hasara ya pauni 220. Ziko njia zisizo na mkopo: kuandikisha kila ndege unayoipanda, na kukusanya pointi za dukani kwa fedha yako mwenyewe. Ni polepole, lakini mtu hulala usingizi.

Amana nyingine ni pointi za safari za kazi. Mwajiri amelipa nauli, na mfanyakazi ameandikiwa pointi. Je, ni za nani? Mahakama Kuu ya Kazi ya Ujerumani iliamua Aprili 2006 kuwa mwajiri ana haki ya kutaka zitumike kwa safari za kazi. Serikali ya Marekani, kinyume chake, iliwaruhusu wafanyakazi wake mwishoni mwa mwaka 2001 kuzichukua kwa matumizi yao. Waona kuwa jambo hili latofautiana, basi na aulizwe mwajiri kwa uwazi, na akiruhusu zichukuliwe kwa moyo safi.

Na vijana wetu twawaambia hivi. Nyinyi mna wepesi wa simu na hesabu kuliko wazee wenu, nao watawategemea. Msiingie katika biashara ya kuuza na kununua pointi au vocha. Mashirika huikataza katika masharti ambayo mwanachama ameyakubali, na kukubali sharti ni ahadi. Wakigundua huzifuta pointi na tiketi pia, na aliyenunua kwenu hubaki kiwanjani na mizigo yake.

Mwisho

Katika mipango mingi pointi huhesabiwa kuwa ni mali ya shirika, wala si ya mwanachama. Hupunguzwa thamani bila ya kuombwa radhi, hufa kwa kukaa, na mara nyingi hazirithiwi. Kwa hiyo kuzilimbikiza miaka kumi si akiba. Akiba ni fedha, na pointi ni kama tende mbivu, ambazo wakati wake wa kuliwa ni mfupi.

Basi mwenye nyumba na akae na mkewe na watoto wake, na kabla ya kufungua daftari la pointi waulizane: Nani katika jamaa zetu anatungoja? Nani ni mzee, na tumekaa miaka mingapi bila kumwona? Wakisha kulijibu hilo, ndipo watazame miji, kisha mashirika, kisha pointi na fedha, wachukue iliyo nafuu. Wakiona pointi na vocha vyasaidia, washukuru. Wakiona havisaidii, wanunue tiketi kwa fedha yao na waende, maana mzee aliye Mombasa au Unguja hajui Avios ni nini. Yeye ajua kuwa mjukuu wake amekuja au hakuja.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika mali zetu, atuepushe na riba na israfu, na awakutanishe wasafiri wetu na jamaa zao katika kheri na afya. Amin.